Kutoka "Mtungi" hadi "Fundi": kijana wa Mlaleo na majina aliyopewa baada ya kifungo

Kijana ninayemzungumzia alifungwa kwa kuvunja nyumba usiku, Kisauni, Mombasa, akaiba mtungi wa gesi na runinga. Kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaruhusu hadi miaka 10 kwa kosa hilo likitendwa usiku. Yeye alipewa 6, akatumikia 4, kwa kuwa Sheria ya Magereza humpunguzia theluthi moja ya kifungo mfungwa anayefanya kazi kwa bidii na kutunza nidhamu. Alikaa Shimo la Tewa, lile gereza unaloliacha nyuma kabla ya kuvuka daraja la Mtwapa, na alipotoka alikuwa ameshajua useremala na ana cheti cha mtihani wa ufundi. Akarudi Mlaleo kwa mama yake.

Jina lake silitaji. La mtaani nitalitaja kwa sababu ndilo lenye kisa: walikuwa wakimwita Mtungi.

Mombasa ni nadra kumpata mtu asiye na jina la pili. Kuna Daktari ambaye hakumaliza darasa la sita, kuna Kibogoyo mwenye meno yote, na majina hayo humfuata mtu mpaka kwenye tangazo la msiba, maana bila hilo nusu ya mtaa haitajua ni nani aliyefariki. Mtungi nalo lilianza kama mzaha wa vijana wa maskani, hata hakimu hajasoma hukumu. Sidhani waliolitunga walikuwa na nia mbaya. Ubaya wake ulionekana aliporudi.

Aliporudi, kwa polisi na wenye nyumba jina hilo likawa onyo. Duka moja lilipovunjwa kufuli, gari la polisi lilisimama mlangoni kwa mama yake kabla ya kufika dukani kwenyewe. Akalala kituoni usiku mbili, akaachiwa bila kufunguliwa mashtaka. Kwa vijana wengine jina lilelile likawa tangazo la kazi. "Mtungi, kuna dili Bamburi, na wewe milango unaijua." Milango alikuwa akiijua kweli. Alikuwa amefundishwa jela kuitengeneza.

Mwanasosholojia wa Marekani, Edwin Lemert, aliliandika jambo hili mwaka 1951. Kosa la kwanza, alisema, lina sababu zake nyingi na mara nyingi hazina maana kubwa. Yanayofuata ndiyo huzaliwa na jinsi watu walivyolipokea lile la kwanza: mtu akitajwa kwa kosa lake kila siku, anafika mahali anaanza kujipanga kuishi kama walivyomtaja. Kijana wetu hakufika huko, ila alikaribia. Anakiri kwamba ile dili ya Bamburi aliifikiria usiku kucha. Kilichomzuia si maadili, anasema, ni kwamba mmoja wa wale vijana alikuwa na mdomo mrefu.

Kwa hiyo siko pamoja na wanaosema majina ni maneno matupu na mtu ajali vitendo. Jina lilimpeleka kituoni na nusura limrudishe jela. Swali langu ni la upande wa pili: jina jingine, zuri, lingeweza kumtoa? Kwa hesabu yangu alipewa majina mengine mawili, moja na shirika na moja kupitia mzee wa karakana, na kuna la tatu lililoandikwa kwenye karatasi.

Wazo la kubadilisha majina halikuanzia kwetu. Mwaka 2016 ofisi ya Wizara ya Sheria ya Marekani inayogawa fedha za programu za haki ilitangaza kwamba katika maandishi yake itaacha kuwaita watu "wahalifu", badala yake itasema mtu aliyetenda kosa, au mtu aliyewahi kufungwa. Mwaka huohuo idara ya magereza ya jimbo la Washington ikaacha neno mkosaji. Mwaka 2019 baraza la mji wa San Francisco likapitisha azimio la aina hiyo, na wapinzani wakalicheka wiki nzima. Nasi Kenya tumo. Magereza yetu sasa yako chini ya Idara ya Serikali ya Huduma za Urekebishaji. Kabla ya hapo, Sheria ya Watoto ya 2001 ilikwenda mbali kuliko Wamarekani: ilikataza kabisa maneno ya "kutiwa hatiani" na "kuhukumiwa adhabu" kutumiwa kwa mtoto aliyefikishwa Mahakama ya Watoto. Mtoto huonekana tu kuwa alitenda kosa, kisha hutolewa amri. Palepale Shimo la Tewa kuna borstal, yaani taasisi ya kuwarekebisha wavulana waliotenda makosa, ambayo kisheria si gereza la watu wazima. Mtaani ukiuliza, utaambiwa ni jela ya watoto, na mvulana akirudi anaulizwa alifungwa miaka mingapi.

Turudi Mlaleo. Miezi kadhaa baada ya kutoka, likaja shirika moja lenye mradi wa vijana waliotoka gerezani. Watu wema, sina la kuwasema vibaya. Walikodi ukumbi, wakaleta maji ya chupa na biriani, wakaeleza kuwa kuanzia leo hakuna mfungwa wa zamani hapa, hapa kuna "mabalozi wa mabadiliko". Kila mmoja akapewa fulana ya kijani, mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa: NIMEBADILIKA. Wakatembea kwa miguu kuzunguka mtaa wakiwa na spika, wakapigwa picha na naibu wa chifu.

Wakati huo kijana alikuwa amekodi kibanda kando ya barabara, upande wa pili wa mtaa, mahali wasipomjua sana. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja anayeuza viazi karai. Hakujua habari ya Shimo la Tewa; alimjua kama kijana anayelipa kodi tarehe tano na hafungulii redio. Maandamano yakapita mbele ya karai lake.

Jioni akamwita. "Mwanangu, umebadilika kutoka nini?"

Akamweleza. Mama hakupiga kelele wala hakumtukana. Alimwambia ana mabinti ndani, atafute mtu mwingine wa kumpangisha mwisho wa mwezi. Nilipozungumza naye baadaye alinijibu kwa methali ambayo hatujaacha kuitumia huku pwani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyumba yake iliwahi kuvunjwa. Sioni kama ana kosa.

Kosa liko kwenye fulana. Neno "nimebadilika" haliwezi kusimama bila kile mtu alichobadilika kukiacha, na kila anayelisoma analazimika kwanza kuuliza alikuwa nani. Methali nyingine inafaa zaidi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na jambo hili tulishaliona kwa ukubwa zaidi hapa Pwani. Mwaka 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na Al-Shabaab wakataka kurudi nyumbani. Wakaitwa "waliorejea". Lilikuwa neno la upole, mtu amesafiri na amefika. Muda si muda, Likoni na Kwale, mzazi ukimwambia mwanawe ni katika "waliorejea" ilikuwa ni sawa na kumwambia anamhifadhi mtu anayewindwa. Neno jipya lilikuwa limemeza maana ya lile la zamani, na juu yake likaongeza hofu ya kutojulikana nani anawatazama.

Zaidi ya hayo, shirika halikuwa na cha kupoteza. Hili ndilo ninalotaka lishikwe, maana mijadala mingi ya majina hulipita. Balozi mmoja kati ya wale vijana alikamatwa tena baadaye kwa bangi. Shirika likatoa picha yake kwenye bango, likaendelea na kundi jingine. Hakuna aliyelipa. Basi na watu wa mtaa nao walipoambiwa "huyu ni balozi" walipima maneno hayo kwa uzito wa aliyeyasema, wakaona hayajamgharimu chochote.

Jina la pili lilikuja kupitia mzee mmoja wa karakana, seremala wa miaka mingi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya patasi na mdomo usiojua kusifu. Kijana alikwenda kwake kwa sababu hakuwa na kibanda tena. Mzee akamuuliza amejifunzia wapi. Hilo ndilo swali linalowamaliza wengi waliotoka ndani: cheti wanacho, ujuzi wanao, lakini jibu la swali hilo lina ukuta na askari. Wengine husema wamejifunzia Nairobi. Yeye akasema, "Shimo la Tewa, mzee."

Mzee hakusema kitu. Akampa ubao mmoja, akamwambia atengeneze marufaa.

Kwa asiyejua, marufaa ni kile kisimamio cha kuwekea msahafu, chenye miguu miwili inayopishana kama herufi X. Ugumu wake ni kwamba hakina bawaba ya chuma. Ubao ni mmoja, unachanwa kwa unene wake kutoka juu na kutoka chini, na katikati unachongwa vidole vya mbao vinavyoingiliana, mpaka vipande viwili vinafunguka bila kuachana. Ukikosea kidole kimoja ubao umekufa. Gerezani walikuwa wakitengeneza meza na viti vya ofisi za serikali. Marufaa hakuwahi kuyagusa. Aliharibu mbao. Mzee alimkata gharama ya kila moja kwenye ujira wake, bila huruma, na nadhani hapo ndipo palipoanza heshima. Alitendewa kama mwanafunzi yeyote wa karakana ile. Hakuna aliyempigia makofi kwa kutoiba.

Kazi ya kwanza ya nje ilikuwa madrasa ya jirani: marufaa yaliyochakaa, na mlango ambao komeo lake lilikuwa limeng'oka. Mwalimu wa madrasa akamtambua, akamvuta mzee pembeni. Mlango huo ndio unaofungia sanduku la sadaka.

"Huyu kijana anatoka wapi?"

"Anatoka kwangu," mzee akasema. "Kikipotea kitu, usiende polisi. Njoo kwangu, nalipa."

Kuanzia hapo mwalimu akamwita fundi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakisikiliza na asingeweza kumwita Mtungi mbele yao. Watoto wakapeleka jina nyumbani: fundi wa madrasa amekuja leo, fundi wa madrasa ametupa vumbi la mbao tuchezee. Mama zao wakaanza kumwita kwa vitanda vilivyovunjika chaga. Mimi mwenyewe nina rafu ya vitabu aliyonitengenezea, na inakaa sawa ukutani, jambo ambalo kwa mafundi wa mji huu si la kawaida. Maskani bado wapo wanaomwita Mtungi, hasa wakiwa wamekaa kwenye bao na amewafunga. Anaitika. Anasema sasa linaingia sikio moja linatoka jingine, kwa kuwa si jina pekee alilonalo.

Ukitazama vizuri, jina la Fundi halikumsafisha wala halikuficha lolote. Mtaa mzima unajua alikotoka. Lilibadilisha swali. Kwa Mtungi na kwa NIMEBADILIKA watu walikuwa wanauliza kama bado ni mwizi, na hilo hakuna awezaye kulijibu kwa uhakika, hata mwenyewe. Kwa Fundi wanauliza mlango utakuwa tayari lini, na ni siku gani atauleta. Na jina hilo lilishika kwa sababu nyuma yake alisimama mtu mwenye sifa ya miaka mingi aliyekubali kuipoteza mbele ya watu wanaomjua. Mzee yule angeweza kumwita kijana kwa jina lolote, hata angemwita Mtungi, bado ile kauli ya "njoo kwangu, nalipa" ingefanya kazi. Fundi lilikuja baadaye, kama risiti.

Ndiyo maana nawatilia shaka wanaotaka kuanza na msamiati. Wangenionyesha kwanza nani atawadhamini, kwa kiasi gani, na kwa muda gani, maneno yangekuja yenyewe.

Lakini udhamini wa mzee una mpaka, na mpaka wake ni karatasi.

Mwaka juzi mkandarasi mmoja anayekarabati hoteli upande wa Nyali alipenda kazi ya karakana ile: milango ya vyumba vya wageni, yenye nakshi, kazi ya miezi. Akataka kila anayeingia hotelini awe na hati ya maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kijana akafanya kama wafanyavyo wote. Akajaza fomu mtandaoni, akalipa shilingi 1,050, akaenda Kituo cha Huduma pale Posta Kuu, Barabara ya Digo, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Vidole vilevile vilivyochukuliwa alipokamatwa. Majibu yalipokuja hayakuandika Fundi wala Mtungi wala balozi. Yaliandika kosa, mahakama na hukumu.

Hapa ndipo watu wa majina na watu wa vitendo wote wananyamaza. Madrasa inamjua na hoteli haimjui. Hoteli ina haki ya kutaka kumjua kwa njia fulani, na njia iliyopo ni hiyo moja. Uzito wake si wa kubahatisha. Mwaka 2003 mtafiti Devah Pager alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya mji wa Milwaukee, Marekani. Aliwatuma vijana wenye sifa zinazolingana kuomba kazi za kawaida, wengine wakisema wamewahi kufungwa, wengine hawana rekodi. Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena mara 34 kwa kila 100. Wenye rekodi mara 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa mara 14, wenye rekodi mara 5. Hesabu hiyo isome tena kwa makini: Mzungu aliyetoka jela alikuwa na nafasi nzuri kuliko mweusi ambaye hajawahi kufungwa.

Basi tuifiche rekodi? Huko Marekani wamejaribu. Majimbo na miji mingi ilipiga marufuku swali la "umewahi kufungwa?" kwenye fomu za kuombea kazi. Amanda Agan na Sonja Starr wakapeleka maombi ya kubuni, takribani 15,000, kwa waajiri wa New Jersey na New York kabla na baada ya marufuku hiyo. Matokeo yao ya 2018 yanasikitisha. Kabla, kwa waajiri waliokuwa wakiuliza swali hilo, waombaji weupe waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya weusi wenye sifa sawa. Baada, kwa asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa kujua nani kafungwa alianza kubahatisha, akabahatisha kwa rangi.

Sisi hapa tungebahatisha kwa mtaa. Nisingehitaji mtafiti kunithibitishia hilo. Muulize kijana yeyote wa Kisauni, Majengo au Likoni aliyewahi kuombea kazi kisiwani au Nyali, akataja anakokaa. Hati ikifutwa kesho, kijana wa Kisauni ambaye hajaiba hata sindano ataanza kulipia mtungi wa mwenzake. Kwa sasa hati hiyo ndiyo inayomtetea.

Kinachonikera si kwamba hati inasema kweli. Ni kwamba fundi wetu hajaambiwa itaisema mpaka lini. Uingereza wana sheria tangu 1974 inayoweka muda: baada ya kipindi fulani bila kosa jipya, hukumu huhesabiwa imeisha, na mtu kwa kazi nyingi hana wajibu wa kuitaja. Tangu 2023 hata baadhi ya vifungo vya zaidi ya miaka minne huisha hivyo, miaka saba baada ya adhabu kukamilika, isipokuwa makosa mazito kama ya ukatili na ngono. Hiyo naiona ni njia ya watu wazima. Rekodi inabaki kwa muda ambao hofu ya jirani ina maana, kisha inapewa ruhusa ya kunyamaza. Na Katiba yetu yenyewe ina mantiki ya kufanana na hiyo. Ibara ya 99 humzuia kugombea ubunge mtu ambaye wakati wa kuandikishwa au wa uchaguzi yumo katika kifungo cha miezi sita au zaidi. Aliyekwishamaliza, hiyo haimgusi. Yaani huyu kijana anaweza kuomba kura za Kisauni, lakini hawezi kuingia hotelini na randa.

Alivyoingia ni hivi. Mkandarasi aliitaka ile milango, na hakuna mwingine aliyekuwa akichonga vile kwa bei ile. Kazi ikaandikwa kwa jina la mzee. Kijana akaandikwa kibarua wa kubeba mbao, ambaye hakutakiwa hati kwa sababu, kwenye makaratasi, anaishia kwenye lango la kupakulia mizigo. Akalipwa ujira wa kibarua. Milango akaichonga yeye, karakanani, na mzee ndiye aliyekwenda kuipachika akiwa na magoti yanayouma, huku akipiga simu kuuliza bawaba ya juu ikae vipi.

Awamu ya pili ya ukarabati inaanza baada ya Idd. Mzee amemwambia mkandarasi kwamba safari hii anayechonga ndiye atakayeandikwa na ndiye atakayelipwa, na kama hati ni tatizo basi waandikiane mkataba wa dhamana, hasara yoyote ikatwe kwake. Mkandarasi amejibu kuwa lazima awaulize watu wa bima.